Fundi wa Pampu na Benchi la Nyuma

Kabla ya kufungua pampu yoyote, Fundi aliweka kigoda chake chini, akakaa, akalaza sikio la kulia kwenye bomba. Mtu mmoja alipampu polepole na wengine wote walitakiwa kunyamaza, pamoja na mbuzi. Mbuzi wakikataa aliwatukana kwa Kiturkana, kisha akarudisha sikio pale pale. Baada ya muda alisema ni bomba la ngapi lenye ubovu. "La saba," angesema. "Linavuja pale linapoungana na la nane." Tukiyavuta mabomba yote juu, moja moja, jua likituchoma mgongo, tunakuta ni la saba.

Mimi nina diploma ya uhandisi wa maji. Nalisema hili bila aibu kwa sababu hakuna aliyenipa. Nimezaliwa Kerio, nikajisomesha kwa samaki wa kukaushwa niliowabeba mwenyewe mpaka Lodwar, nikafika Nairobi nikiwa na mashati mawili, nikatoka chuoni nikiwa wa tatu darasani. Nimefanya kazi Nairobi, nimefanya kazi Juba, na niliporudi nyumbani nilirudi na ofisi mjini Lodwar, gari la shirika na dereva. Vijana wengi wa Kerio wanaosoma leo wamepita nyumbani kwangu kuomba ushauri. Lakini chuoni hakuna aliyenifundisha kusikiliza bomba. Nilijaribu siku moja Fundi akiwa ameenda kujisaidia. Nilisikia sikio langu tu.

Kwa miaka sita nilikuwa bosi wake. Yeye aliishi Kakuma, na shirika lilikuwa limemwajiri muda mrefu kabla yangu. Tulikwenda pamoja kila mahali palipokuwa na kisima: vijiji vya Kalobeyei, Kataboi kwenye upepo wa ziwa, Lowarengak ambako chumvi inakula nati mpaka unashindwa kuitambua. Aliniita bosi, na alilitamka neno hilo kama mtu anavyotaja hali ya hewa, bila heshima ya ziada na bila dharau.

Alikuwa mzee wa kanisa, na alitafuna etaba. Mchungaji alikuwa amehubiri dhidi ya tumbaku mara nyingi, na kila mara Fundi aliitikia amina kwa sauti kubwa, shavu likiwa limejaa. Nilipomcheka alinijibu, "Mchungaji anasema kweli. Mimi ndiye bado." Alikuwa mkali kwa kwaya kuliko mtu yeyote, akiwaambia wanaimba kama watu wanaosubiri mgao, na ni yeye huyo aliyelia kila walipoimba. Hakuwaazima watu spana zake. Alikuwa nazo kumi na moja, amezifunga kwenye ngozi ya mbuzi, na hata mimi niliyesaini mshahara wake nilitakiwa kuomba.

Kuhusu maombi alikuwa na desturi iliyowashangaza wageni. Hakuomba kabla ya kazi. Wafadhili walipokuja wakainamisha vichwa kusubiri, yeye alikuwa tayari ameshaanza kufungua nati. Mara moja nilimwuliza sababu.

"Nimwambie nini, bosi? Aje akaze nati? Nati ni yangu."

Aliomba baadaye, maji yakishatoka na wanawake wakishaanza kusukumana. Alivua kofia, akasema, "Akuj, yametoka. Asante," akavaa kofia. Nimesikia maaskofu wakiomba kwa nusu saa, na sijasikia ombi lililojaa kuliko lile.

Kisima kimoja kilikuwa mpakani kabisa mwa kambi ya wakimbizi, upande huu wenyeji, upande ule watu wa Sudan Kusini na wengine kutoka Kongo na Burundi. Siku tuliyokwenda kukitengeneza kulikuwa na ugomvi wa foleni. Mitungi ilikuwa inarushwa. Mimi niliingia na mamlaka yangu yote, nikaanza kueleza utaratibu wa matumizi ya maji ya pamoja. Hakuna aliyegeuka. Fundi alichomoa mkono wa pampu, akauweka chini, akaukalia.

"Mzee, rudisha chuma!" mwanamke mmoja wa Kiturkana alimfokea.

"Chuma ni changu mpaka mnyamaze."

"Hawa wametukuta hapa!"

"Na maji yamewakuta nyinyi wote hapa. Mnataka niwaulize maji?"

Mama mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mtungi kichwani, alianza kucheka. "Ya Fundi, kalas. Tumenyamaza."

"Nyinyi mmenyamaza. Foleni bado inapiga kelele." Akaendelea kukaa, akatoa etaba yake, akatafuna. Waliipanga foleni wenyewe, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakimtukana njia nzima. Alipoona imenyooka aliinuka, akarudisha mkono, akaenda kusimama mwishoni kabisa na kikombe chake, naye anywe zamu yake ikifika. Nilimsubiri garini zaidi ya saa moja. Nilikasirika. Sasa nikikumbuka naona aibu.

Hakujua kusoma. Katika mwaka wa kwanza, tulipokuwa njiani kutoka Lodwar kwenda Kakuma, alinipa Biblia yake yenye jalada lililoshonwa upya, nami nikamsomea dereva akiendesha. Alisikiliza kama anavyosikiliza bomba. Nikisoma haraka alinigusa bega, "Rudia hapo, umeruka tuta." Jumapili nikiwa Kakuma nilikaa kanisani kwao, nikaandikishwa kuwa mshirika, nikala Meza ya Bwana naye.

Kisha nikaacha, polepole, jinsi laga, mto wa msimu, inavyokauka: hakuna siku unayoweza kusema ni leo. Kwanza nilisema macho yangu yanauma, nikamrudishia Biblia. Halafu Jumapili ikawa siku ya kuandika ripoti. Halafu nikaanza kuwaambia watu kwamba maji yanatoka kwa sababu ya mwamba na hesabu, nao waliniona msomi. Sikugombana na Mungu. Nilikuwa nimefika, na sikuona bado ana kazi gani kwangu. Fundi hakunihubiria hata siku moja. Njiani aliiweka Biblia mapajani, imefungwa, akaangalia nje.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ingenifaa zaidi kuliacha.

Kulikuwa na kijiji karibu na Kalobeyei chenye kisima kimoja. Tulipovuta mabomba ya zamani, Fundi aliliinua moja juani, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka upande wa pili. "Maji haya yanakula chuma," alisema. "Bosi, hapa tuweke plastiki." Stoo tulikuwa na mabomba ya chuma, mapya, yanang'aa, na mchoro wangu ulisema chuma. Kuagiza plastiki kungechelewesha kazi, na wageni wa ufunguzi walikuwa wameshaalikwa. Nilimwambia mbele ya watu, "Fundi, kati yetu ni nani aliyesomea maji?"

Alisema, "Ni wewe, bosi," akafunga mabomba ya chuma, vizuri kabisa.

Kabla mwaka haujaisha maji yalikuwa mekundu na machungu, kisha bomba likakatika likatumbukia kisimani na kila kitu. Wanawake wakarudi kuchimba mchanga wa laga kama zamani. Shimo moja likambomokea mama mmoja akiwa ndani. Walimtoa akiwa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika, na hajatembea tena bila fimbo.

Ofisi kuu iliuliza nini kimetokea. Niliandika barua, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mitambo ilifungwa vibaya na fundi aliyezeeka. Wakamwachisha kazi. Nilimkabidhi nakala ya barua mwenyewe, nikijua hajui kusoma. Aliikunja, akaitia kwenye ile ngozi ya spana. "Ejok, bosi," akaniaga, akaondoka. Nami nikapandishwa cheo.

Miaka minne ikapita. Nilisikia kwamba Fundi anazunguka na baiskeli akitengeneza pampu za watu kwa chakula. Nikipita Kakuma niliangalia upande mwingine wa barabara.

Kilichonirudisha hakikuwa kikubwa. Mama yangu alifariki, tukamzika Kerio. Kaburini wazee walisema, mwanawe aliyesoma aombe. Nilisimama. Nimezungumza mbele ya wahandisi na mawaziri, sijawahi kukosa neno. Nilifungua kinywa nikasema, "Tunashukuru kwa ushirikiano wenu." Watu wakasubiri. Hakukuwa na kingine ndani. Shangazi yangu, aliyewahi kunibeba mgongoni kwenda kanisani, akanishika mkono akaomba yeye, maneno ya Biblia ambayo mimi ndiye niliyewahi kumsomea nikiwa mtoto.

Nikaanza kwenda kanisani Lodwar, kanisa kubwa ambako hakuna aliyenijua. Kila ilipofika Meza ya Bwana nilitoka nje. Mchungaji wa pale aliniona, akaniuliza nimeandikishwa wapi. Nikamwambia Kakuma. Akasema, "Basi rudi ukaanzie pale ulipoachia." Nilimchukia kwa wiki tatu, kisha nikaenda.

Kanisa la Kakuma ni la mabati, na lina desturi moja inayojulikana na wote. Meza huandaliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Anayejua hafai kula hasubiri kuambiwa. Siku hiyo anakwenda mwenyewe kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hapo hukaa mlevi, aliyeoa mke wa pili, waliopigana sokoni. Hawaulizwi. Siku wakiwa tayari, wanasimama, wanasema, wanasogea mbele.

Niliingia kwa kuchelewa, suti yangu ya Nairobi ikiwa imejaa vumbi, nikaelekea benchi la nyuma. Fundi alikuwa amekaa pale.

Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Nilidhani anasimamia mlango. Alisogea, akanipa nafasi. "Ejok, bosi," alisema.

"Fundi, wewe unafanya nini huku?"

"Nakaa."

Mkate ulipita, wa tanuri za kambini, na kikombe cha karkadee, kinywaji chekundu cha maua ambacho mama mmoja wa Sudan Kusini huchemsha kwa sababu zabibu hazifiki huku. Vilipita mbele, vikaishia benchi la mbele yetu. Fundi aliinamisha kichwa. Ibada ilipokwisha ni yeye aliyekusanya vikombe, akavipeleka nje, akaviosha, akavipanguza kimoja kimoja kwa shati lake.

Mwalimu wa kwaya, Mkongo anayeshona nguo kambini, alinifuata mpaka kwenye gari. Alizungumza chini chini.

"Ndugu, ni miye njo nilimusomea ile barua. Alileta karatasi kwa cherehani yangu, akasema, 'Soma yote, usiruke.' Nikasoma. Banasema ni yeye alifunga mubaya juu ya uzee. Na chini, jina yako."

"Alisema nini?"

"Alikunja karatasi, akaniambia, 'Usimwambie mutu.' Lakini toka ile mwezi anakaa kwa nyuma. Mzee wa kanisa! Pasta alimuuliza, sisi wote tulimuuliza. Anasema tu, iko mutu kwa koo yangu, mkate haiwezi kupita."

Nilishika mlango wa gari nikashindwa kuufungua. Mimi ndiye niliyetenda, na kwa miaka minne nilikuwa nimelala vizuri. Yeye aliyetendewa ndiye aliyejihukumu, kwa sababu ya hasira tu, hasira ambayo mtu yeyote duniani angempa haki nayo. Na kwa kuwa kueleza hasira yake kungekuwa kunishtaki, alikubali kukaa na walevi, watu wanong'one, wamkisie wake za siri na wizi, akiosha vikombe asivyonywea. Nimekutana na watu wakubwa. Mbele ya hao wote sijawahi kujihisi mdogo kama siku ile.

Jumapili iliyofuata nilirudi. Wakati wa matangazo nilisimama, nikaenda mbele, nikasema yote: mabomba, mchoro, wageni wa ufunguzi, barua. Nilisema kwa Kiswahili chepesi, bila kutaja diploma. Nilisema nataka kurudi kwa Bwana na sijui kama njia bado ipo, na kwamba barua nyingine, ya kweli, nimeshaipeleka ofisi kuu.

Fimbo ikagonga sakafu. Upande wa wanawake mama mmoja alikuwa anajiinua, na nilimtambua kwa jinsi alivyoinuka. Alikuwa yule wa shimo la laga.

"Kumbe ni wewe?" alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nimemtukana huyu mzee miaka minne! Kila Jumamosi analeta maji kwangu na baiskeli, mitungi miwili, na mimi namwambia, lete, mvunja mifupa, lete, mzee asiyejua kazi. Na yeye anamimina tu!" Akamgeukia Fundi, sauti ikipasuka. "Na wewe! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unataka maji," Fundi alijibu kutoka nyuma. "Maneno ungepikia nini?"

Watu wakacheka huku wengine wanajifuta machozi. Yule mama hakucheka. Alininyooshea kidole. "Mimi nitakusamehe nikiona plastiki kwenye kile kisima," alisema, akakaa. Nilimwambia ataiona, na ameiona. Nimeteremsha mabomba yale kwa mikono yangu, si kwa mikono ya vibarua.

Mchungaji alifurahi, akanyoosha mikono, akamwita Fundi aje mbele anikumbatie. Kwaya ilishavuta pumzi ya kuanza wimbo. Fundi hakuinuka.

"Nimesikia," alisema. "Ni kweli yote aliyosema. Lakini nipeni mpaka Meza."

"Mzee wetu," mchungaji alisema, "ndugu ametubu."

"Yeye ametubu, ndiyo. Mimi bado." Kisha akanielekea mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili. "Bosi, nimezoea kukukasirikia. Ni miaka mingi. Nipe muda nizoee kuacha."

Wapo waliosema ni ugumu wa moyo. Mimi niliyesimama pale najua hakuna aliyewahi kunipa heshima kubwa kama ile. Angeweza kunikumbatia mbele ya watu na kubaki na lile jambo kooni. Hakutaka kunipa kitu ambacho bado hakuwa nacho.

Wiki zile nilirudi Lodwar nikafanya kazi yangu. Ofisi ilinipa barua ya onyo na kuniondolea gari, nilistahili zaidi. Walimwita Fundi arudi kazini, akajibu kwamba atafikiria. Nilijaribu kuomba kila asubuhi, nikakuta bado nazungumza kama ripoti, lakini niliendelea, maana nimeshajifunza mambo magumu kuliko hayo. Niliomba jambo moja. Sikuomba Fundi anisamehe. Niliomba apate kula. Kama ingebidi nibaki benchi la nyuma maisha yangu yote ili yeye ale, niliona ni sawa. Siku nilipogundua kwamba namaanisha hilo kweli, nilijua kwamba nimeanza kurudi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nilipanda gari la abiria kwenda Kakuma, nikakaa benchi la nyuma. Fundi alikuja, akakaa kando yangu. Hatukusalimiana zaidi ya kawaida. Mchungaji aliumega mkate. Benchi la kwanza likainuka, la pili, la tatu. Kila benchi lilipoinuka nilisikia Fundi akivuta pumzi, na mimi sikuthubutu kumwangalia. Wa mwisho walikuwa wameshapiga magoti, mchungaji ameanza kuangalia kama kuna mwingine.

Fundi alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyoshika bomba lisimteleze.

"Inuka twende," alisema. "Nina njaa."

Tulitembea katikati ya kanisa, mzee na suti. Hakuna aliyeimba. Tulipiga magoti kwenye saruji, tukapewa vipande vyetu. Alikiangalia kipande chake, kisha akakiweka mdomoni na kufumba macho. Alitafuna polepole mno. Mimi nilikuwa nimekishika changu kiganjani, sikuweza kukiinua kabla yake. Nilikuwa naangalia koo lake. Likapanda, likasimama, likashuka.

Ndipo nikala.